Mavazi Mepesi ya Kuvulia Trauti Kwenye Maji Baridi ya Mlima Kenya na Aberdare: Mwongozo Kamili

Kila kiangazi maswali ya wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, ni yale yale. Mtu amepanda hadi Ziwa Ellis la Mlima Kenya, au amefika kwenye mito ya nyanda za juu za Aberdare, ana fimbo nzuri na nzi bandia (ndoano zilizopambwa zifanane na wadudu) wa kutosha. Baada ya saa moja majini vidole vimekufa ganzi, fundo halifungiki, na usiku kucha anatetemeka hemani. Mwingine amefanya kinyume: amebeba suruali nzito ya mpira, gambuti na makoti matatu, na anafika amechoka hata hamu ya kurusha mshipi imemtoka.

Wote wawili wameshindwa mahali pamoja. Hawakutenga nguo za kulowa na nguo za kulalia. Anayetenga mapema hubeba takriban kilo 3 tu, viatu vya majini vikiwemo, na hulala mkavu.

Mwongozo huu ni wa maji yaliyo juu ya mita 3,000. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,450, na Ziwa Michaelson, ndani ya bonde la Gorges, liko karibu mita 4,000. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Ukiondoka mahali penye mita 1,500 kukiwa na nyuzi 22, tarajia kama nyuzi 10 ukifika Ellis mchana, na hapo upepo haujahesabiwa. Alfajiri umande huweza kuganda juu ya hema. Maji nayo hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye baridi hiyo hiyo, kwa hiyo nguo iliyokutosha kwa kutembea haitakutosha ukiwa umesimama mtoni.

## Vitu vya kuandaa

Seti ya kulowa
- Fulana ya mikono mirefu ya poliesta au sufu ya merino, gramu 180 hivi
- Taiti ya poliesta inayobana, gramu 170
- Kaptura ya nailoni ya kuvaa juu ya taiti, gramu 140
- Soksi za niopreni, ule mpira laini wa nguo za wapiga mbizi, unene wa milimita 2 hadi 3
- Raba nyepesi zenye soli ya meno, gramu 500 hadi 600 kwa jozi

Seti ya kufunika
- Sweta jembamba la flisi, kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoya mafupi
- Koti la mvua lenye kofia
- Jaketi lililojazwa nyuzi bandia

Seti kavu
- Fulana na suruali ya kulalia, zote za poliesta au sufu
- Soksi nene za sufu
- Boshori, na glavu za sufu zilizokatwa vidole
- Mifuko miwili isiyopitisha maji, yenye mdomo wa kukunja: mmoja wa seti hii, mmoja wa soksi za niopreni zilizolowa

Ongeza kofia ya jua, miwani, mkongojo wa kutembelea, taulo dogo jembamba na kipimajoto cha jikoni. Kibali cha uvuvi na ada za hifadhi zishughulikie kabla ya safari.

Karibu kila kitu hapa kinapatikana kwenye masoko ya mitumba: Gikomba na Toi jijini Nairobi, Kongowea Mombasa. Soksi za niopreni ndizo zinazosumbua kupatikana, kwa hiyo anza kuzitafuta mapema.

## Hatua ya 1: Amua utaingia majini kiasi gani

Amua hili kabla ya kununua chochote, kwa sababu ndilo linaloamua uzito wa mzigo. Nithi, Gura ya juu, Chania na Magura ni mito myembamba sehemu nyingi za juu. Trauti hujibanza chini ya kingo, nyuma ya mawe, na pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia. Wengi wao unawafikia ukiwa umepiga goti ukingoni, mkavu kabisa. Mvuvi anayekimbilia katikati ya mto huwa amewafukuza samaki waliokuwa miguuni pake.

Mpaka wako uwe goti. Maji yakishapita goti, mkondo huanza kukusukuma kwa nguvu, na paja likilowa unapoteza joto kupitia misuli mikubwa ambayo ingekupa joto la kukurudisha kambini.

Je, ile suruali ya kuingilia majini inayofika kifuani? Pamoja na viatu vyake inaongeza kilo 2 au zaidi, na ile nyembamba haina joto lake yenyewe, inazuia maji tu. Kwa kambi unayoifikia kwa gari, kama baadhi ya sehemu za nyanda za juu za Aberdare, ibebe kwa raha. Kwa safari ya kutembea saa nyingi, iache nyumbani. Kulowa hadi goti kwa muda mfupi, ukiwa na nguo sahihi, kunatosha.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema ni wapi utavua ukiwa mkavu, na ni wapi utahitaji kuingia.

## Hatua ya 2: Chagua nguo za kulowa

Adui wa kwanza ni pamba. Pamba hunywa maji, huyashikilia, na hulala kwenye ngozi ikiendelea kukupoza muda mrefu baada ya kutoka mtoni. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote: nzito ikiwa kavu, nzito zaidi ikilowa, na kwenye mlima wenye ukungu inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Sweta za kofia za pamba zinawadanganya wengi kwa sababu ni laini na zina joto dukani.

Mitumbani lebo mara nyingi imekatwa. Omba muuzaji akuruhusu uchomoe uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, au ununue kwanza ukajaribu nyumbani. Uwashe kwa kiberiti juu ya sahani ya bati, mbali na nguo yenyewe:

- Ukiwaka haraka na kunuka kama karatasi iliyoungua, ukaacha jivu laini, ni pamba.
- Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha punje ngumu, ni poliesta au nailoni.
- Ukinuka kama nywele zilizoungua na moto ukazimika wenyewe, ni sufu.

Angalia kwamba nyuzi za kushonea wakati mwingine si za kitambaa kile kile. Chomoa uzi wa kitambaa.

Taiti ibane. Nguo inayopwaya majini huruhusu maji mapya ya baridi kupita kila mara kati yake na ngozi. Inayobana hushika tabaka jembamba la maji ambalo mwili huweza kulipasha. Kaptura juu yake inakata upepo na kuzuia taiti isichanike kwenye mawe.

Rangi ziwe tulivu: kijani kilichofifia, kijivu, hudhurungi. Trauti wanaona vizuri kilicho juu ya maji, na fulana nyeupe inayometa juani huwaamsha mapema. Lakini usivae nguo zenye madoa ya kijeshi, hata kama mitumbani ni rahisi na imara. Nchini Kenya raia kuvaa nguo inayofanana na sare ya jeshi ni kosa kisheria, na hutaki mazungumzo hayo na askari wa lango la hifadhi.

Umefaulu ikiwa: ukiilowesha fulana na kuikamua kwa nguvu, haidondoshi tena maji, na ukiivaa inapata joto la mwili ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 3: Miguu, mahali wengi wanaposhindwa

Nitakaa hapa muda mrefu kidogo. Nimewaona wavuvi wenye koti la bei kali wakitoka majini kwa sababu ya viatu.

Soksi za niopreni. Hazizuii maji. Maji huingia, niopreni huyashikilia, mguu unayapasha. Kwa hiyo ni lazima zikae sawasawa na ngozi bila mikunjo. Zikiwa kubwa, maji yatazunguka ndani na hazitafanya kazi yoyote.

Nafasi ndani ya kiatu. Hapa kuna mtego. Mtu hupata soksi nzuri kisha anazisukuma kwa nguvu ndani ya kiatu chake cha kila siku. Kiatu kinabana, damu haifiki vidoleni, na mguu unapoa haraka kuliko kama asingevaa soksi kabisa. Nunua raba yenye namba moja zaidi, na uijaribu ukiwa umevaa soksi hizo. Vidole vyote vitano lazima vicheze.

Gambuti hapana. Zinafaa shambani na kwenye matope ya kambini. Mtoni, ukiteleza mara moja zinajaa, kila mguu unabeba lita kadhaa za maji, na kupanda ukingo wenye utelezi kunakuwa hatari. Ndara na sandali nazo ziache: mawe ya mito hii huchubua vidole, na vidole vilivyopoa havisikii jeraha mpaka baadaye.

Mashimo ya kutolea maji. Raba nyingi huweka maji ndani kama ndoo. Pasha msumari mwembamba uliobanwa kwa koleo, kisha toboa mashimo matatu kila upande wa kiatu, juu kidogo ya soli, kwenye uwazi wa unyayo. Fanya kazi hii nje, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Usitoboe karibu na kidole gumba wala kisigino, maana hapo kiatu huweza kuchanika.

Jozi moja au mbili? Kama kambi iko mbali, beba mbili: buti za kutembelea zibaki kavu, raba ziwe za maji. Gramu 500 za ziada zinastahili. Kama unatembea saa moja au mbili tu, jozi moja ya raba inaweza kufanya kazi zote, mradi una soksi kavu za jioni na kitu chepesi cha kuvaa kambini.

Umefaulu ikiwa: ukitoka majini na kupiga hatua ishirini, kiatu hakitoi tena sauti ya maji, na vidole bado vinacheza.

## Hatua ya 4: Nguo za kufunika

Kazi ya flisi ni kushika joto, ya koti la mvua ni kukata upepo na maji, na ya jaketi ni kukulinda unaposimama bila kujisogeza. Ukikosa moja, mbili zilizobaki haziwezi kuiziba nafasi yake.

Koti la mvua la mitumba lichunguze kwa makini. Ligeuze ndani nje utazame utepe uliofunika mishono. Ukiwa unabanduka, liache. Sugua kitambaa cha ndani kwa kidole: kikipukutika unga mweupe au magamba, tabaka la kuzuia maji limekufa na hakuna dawa itakayolifufua. Kisha weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita upande wa pili, hilo ni koti la upepo tu. Urefu uishie kiunoni au chini kidogo. Koti refu huchovya pindo majini kila unapoinama kumwachia samaki.

Kuhusu jaketi, msimamo wangu ni wazi: nyuzi bandia, si manyoya ya bata. Manyoya ni mepesi zaidi na yana joto zaidi yakiwa makavu. Yakilowa yanashikana vipande na joto linaisha. Mahali ambapo mawingu hushuka chini hadi yakakugusa, nyuzi bandia zinasamehe mengi.

Jua nalo lisikupite. Miale inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na hapa uko kwenye ikweta, uso ukipigwa pia na mng'ao wa maji. Mikono mirefu, kofia yenye ukingo na miwani ni vya lazima hata kukiwa baridi. Miwani pia inalinda macho na ndoano inayorudi kwa upepo.

## Hatua ya 5: Funga seti kavu na usiiguse

Weka nguo zote za seti kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Toa hewa, kunja mdomo mara tatu, funga. Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki mwaka 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Mfuko wa kukunja unadumu miaka.

Sheria yake ni kali. Seti hii huvaliwa ndani ya hema, baada ya kujikausha, na huvuliwa kabla ya kutoka kuvua. Boshori na glavu pekee zinaweza kutoka mchana, na zikilowa zisirudishwe ndani ya mfuko.

Utashawishika siku ya pili asubuhi, wakati fulana ya jana ni baridi na yenye unyevu na hii ya kulalia ina joto la usingizi. Usikubali. Vaa ile yenye unyevu, tia flisi juu, chemsha chai, tembea. Ndani ya muda mfupi itakuwa imepata joto. Ukilowesha seti kavu huna tena pa kukimbilia, na mlimani hilo ni jambo la hatari kweli.

## Hatua ya 6: Jaribu kila kitu nyumbani

Chagua asubuhi yenye baridi. Walio Limuru, Nyahururu au Kinangop wana bahati hapa. Vaa seti ya kulowa na soksi na raba, kisha jimwagie maji ya bomba kutoka kiunoni kwenda chini. Kamua kwa mikono bila kuvua. Vaa flisi na koti, simama dakika tano bila kujisogeza, kisha tembea dakika ishirini.

Baridi mwanzoni ni kawaida. Kinachotafutwa ni mwelekeo: je, unaanza kupata joto ukitembea, au unazidi kupoa? Ukizidi kupoa, tafuta sehemu yenye kosa. Mara nyingi ni kaptura yenye bitana ya pamba, au chupi ya pamba ambayo hakuna aliyeifikiria.

Umefaulu ikiwa: baada ya dakika ishirini mapaja yana joto na nguo zimeanza kukauka pembeni.

## Hatua ya 7: Ukiwa majini

Usiingie alfajiri. Subiri jua liwe limepanda, saa tatu au saa nne asubuhi, na panga kuwa umetoka alasiri, maana kwenye milima hii asubuhi huwa safi na mawingu hujikusanya kuanzia adhuhuri. Trauti hawana haraka ya alfajiri katika maji baridi hivi. Trauti wa upinde wa mvua hula vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16.

Pima maji. Yakiwa chini ya nyuzi 10, ishia kwenye kifundo cha mguu na uingie kwa dakika chache tu. Yakizidi hapo, ingia hadi goti kwa dakika 10 hadi 15, kisha toka, tembea ukingoni na uvue ukiwa mkavu kwa muda mrefu kuliko ule uliokaa majini. Ingia polepole, mkongojo mbele. Maji baridi yakikupiga kifuani ghafla hukufanya uvute pumzi bila kutaka, na ukivuta uso ukiwa chini ya maji unaweza kuzama hata kwenye kina kifupi.

Ukitoka, vaa jaketi papo hapo, ungali una joto. Likivaliwa ukiwa tayari umepoa litahifadhi baridi yako, kwa kuwa jaketi halitengenezi joto.

Kila baada ya kutoka, gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono ule ule. Visipokutana, uvuvi umekwisha mpaka mkono upate joto.

Dalili za hatari: kutetemeka kusikozuilika, maneno kukokotana, kujikwaa mahali pa tambarare, kukasirika au kuzubaa bila sababu. Mtu wa namna hii joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya nyuzi 35. Mtoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mvishe seti kavu, muingize kwenye mfuko wa kulalia akiwa juu ya mkeka, na mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza bila shida. Usimsugue mikono na miguu, na usimpe pombe: pombe hupanua mishipa ya ngozi na joto linatoka kwa kasi zaidi. Aliyekuwa akitetemeka akiacha kutetemeka huku akizidi kuchanganyikiwa, hali imekuwa mbaya. Watafuteni askari wa hifadhi mara moja, mmlaze, na mumsogeze kwa upole bila kumtembeza.

Kwa sababu hii usivue peke yako huko juu. Mtu anayepoa huwa wa mwisho kujua.

## Hatua ya 8: Jioni kambini

Fuata mpangilio huu hata ukiwa umechoka. Vua raba na soksi za niopreni mlangoni mwa hema. Ondoa taiti na kaptura, jikaushe miguu, vaa suruali na soksi za kulalia. Kisha fanya sehemu ya juu, ukianza na boshori. Ukivua nguo zote kwa pamoja unapoteza joto ambalo chakula cha jioni hakitalirudisha haraka.

Nguo zilizolowa zikunje ndani ya taulo na ulikanyage. Litanyonya maji mengi kuliko mikono inavyokamua. Zitundike kama kuna jua au upepo, na ziingize ndani kabla giza halijaingia. Soksi za niopreni zikiachwa nje zitaganda na asubuhi hutaweza kuzivaa. Zikamue, zitie ndani ya mfuko mwingine usiopitisha maji, uziweke miguuni mwa mfuko wako wa kulalia. Usizianike karibu na jiko: niopreni na poliesta huharibika kwa moto haraka sana, na moto ndani ya hema umeua watu, kwa kuunguza na kwa hewa yenye sumu.

## Hatua ya 9: Ukirudi nyumbani

Sugua matope yote kwenye soli, mashimo na mishono ya viatu kwa brashi, kisha osha kila kilichogusa maji. Matope kidogo na uzi wa mwani vinaweza kubeba mayai na vimelea kutoka mto mmoja hadi mwingine, hasa kama wiki ijayo unapanga kutoka Mlima Kenya kwenda Aberdare. Anika juani mpaka ndani ya kiatu pawe pakavu kabisa, usiishie kugusa nje tu.

Koti la mvua lioshe kwa sabuni laini, bila kilainisha nguo, kwa sababu huziba vitundu vinavyotoa jasho. Likikauka, lipige pasi ya joto dogo juu ya kitambaa chembamba, ila kama lebo inakataza. Joto hilo huamsha ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze. Nyunyiza maji uone: yakibingirika na kuanguka, litundike kwenye hanga, usilikunje. Yakienea na kuacha doa jeusi, nunua dawa ya kuzuia maji na ulipake kabla ya kiangazi kingine.